Kuchagua Mahali pa Kiwanda

Katika mazungumzo haya twataka kueleza jambo ambalo limewaangusha wenye viwanda vidogo wengi, wala si kwa uvivu wao, bali kwa sababu kazi yao ilistawi. Jambo lenyewe ni kuhama. Kazi ikikua, nyumba ya zamani haitoshi. Mwenye kazi hutafuta nyingine kwa haraka, huitwaa ile yenye kodi nafuu, na baada ya mwaka huona kwamba faida yake yote imemezwa na nyumba.

Na tumfikirie seremala wa Keko, Dar es Salaam, mtaa uliosifika kwa fanicha. Alianza na mafundi 3 chini ya banda. Sasa ana mafundi 12, mashine ya randa na msumeno wa duara, na maagizo ya vitanda na madawati yamemzidi. Yampasa kuhama. Je, atazame nini?

Kwanza, aitazame kazi yenyewe kabla ya kuitazama nyumba. Ubao wenye urefu wa futi 12 wahitaji futi 12 mbele ya msumeno, na futi 12 nyingine nyuma yake, kwani ubao hupita. Basi chumba cha futi 20, hata kikiwa kipana namna gani, hakifai. Na achore kwa chokaa sakafuni mahali pa kila mashine, kisha aifuate safari ya ubao: uingiapo, ukatwapo, upigwapo randa, uungwapo, upakwapo vanishi, hata utokapo ukiwa kitanda. Njia hiyo ikijikata mara kwa mara, mafundi watagongana kutwa nzima. Tena vanishi haitaki vumbi la mbao. Yafaa chumba chake kiwe mbali na msumeno.

Pili ni umeme. Mota kubwa hutaka umeme wa njia tatu. Asiridhike kuambiwa, "Umeme upo." Aulize kwa shirika la umeme kama njia tatu zafika hapo, na kama transfoma ya mtaa yaweza kuubeba mzigo wake. Kuvuta nguzo mpya hugharimu fedha nyingi, na muda pia.

Tatu ni njia. Mbao nyingi za msonobari hutoka Mafinga, katika nyanda za juu kusini, nazo huletwa kwa malori makubwa. Lori lisipoweza kufika mlangoni na kugeuka, mbao zitashushwa barabarani na kubebwa tena. Si bahati tu kwamba viwanda vingi vya Dar es Salaam vilijengwa kando ya Barabara ya Pugu, ambayo leo yaitwa Barabara ya Nyerere. Barabara hiyo yatoka mjini kwenda uwanja wa ndege, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ina stesheni yake papo hapo. Tena na wakumbukwe mafundi: wakilazimika kupanda mabasi matatu kila asubuhi, walio hodari watakwenda kwa tajiri mwingine.

Nne ni maji na moto. Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa zilifurika katika bonde la Msimbazi. Watu walikufa, na jamaa nyingi zilihamishiwa Mabwepande. Nyumba ya bondeni huonekana njema wakati wa kiangazi. Kwa hiyo atazame kuta kama zina alama ya maji, awaulize majirani wa siku nyingi, na ikiwezekana arudi kuitazama wakati wa masika. Kwa habari ya moto, maranda na vanishi huwaka upesi mno. Nyumba yenye mlango mmoja ni mtego kwa mafundi 12.

Tano ni haki. Auone mkataba ulioandikwa, na hati ya kiwanja, ajue kama matumizi yake ni ya kiwanda au ya makazi. Majirani wakilalamika juu ya kelele, hapo ndipo neno hilo litakapopimwa. Sheria ya usalama mahali pa kazi ya mwaka 2003 yataka mahali pa kazi pasajiliwe. Na akijenga misingi ya mashine kwa fedha zake, mkataba useme ni mali ya nani siku atakapoondoka, na kodi yaweza kupandishwa lini.

Mwisho, na ahesabu. Tuseme nyumba ya kwanza kodi yake ni shilingi 600,000 kwa mwezi, na ya pili ni 900,000. Lakini katika ile ya kwanza lori haliingii. Mizigo 20 kwa mwezi, kila mmoja shilingi 15,000 za wapagazi na mikokoteni, ni shilingi 300,000. Hapo zimekwisha kulingana. Tena umeme wake ni dhaifu, na mafundi 12 hukaa bure siku 2 kila mwezi. Ujira wao ukiwa shilingi 15,000 kwa siku, hizo ni shilingi 360,000 zaidi. Nyumba ya 600,000 imekuwa ya 1,260,000, nayo ile iliyoonekana ghali ingali 900,000.

Hatusemi kila mtu akapange nyumba kubwa. Nafasi isiyotumika nayo hulipiwa kodi. Yatosha nafasi ya kukua kwa miaka mitatu hivi. Na asiye na uwezo wa kupanga peke yake aulize katika ofisi ya SIDO ya mkoa wake, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, au ashirikiane na wenzake.

Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi. Kodi ni sehemu tu ya bei ya nyumba. Iliyobaki hulipwa kila siku, nayo haiandikwi katika mkataba. Mwenye kuihesabu kabla ya kutia sahihi ameokoa mtaji wake, na riziki ya nyumba 12 zinazomtegemea.