Mafunzo ya uparamediki kwa matabibu wa kijeshi

Mafunzo ya uparamediki kwa matabibu wa kijeshi ni masomo yanayomwezesha askari aliyefunzwa tiba ya vitani kuhudumia raia waliopatwa na ajali au ugonjwa wa ghafla kabla ya kufika hospitalini. Paramediki ni mhudumu wa dharura ambaye kwa kawaida husafiri na gari la wagonjwa.

Tofauti ya kazi

Tabibu wa kijeshi hufundishwa hasa kuzuia damu isiendelee kutoka, kufungua njia ya hewa, kutunza kifua kilichojeruhiwa na kumhamisha majeruhi. Wengi anaowahudumia ni vijana wenye afya waliopata majeraha. Paramediki wa kiraia hukutana pia na mama mjamzito, mtoto mwenye degedege, mzee aliyepatwa na kiharusi na mgonjwa wa kisukari aliyepoteza fahamu. Kwa hiyo ujuzi wa jeshini ni msingi mzuri, lakini peke yake hautoshi.

Katika nchi nyingine

Nchini Marekani matabibu wa jeshi la nchi kavu hufunzwa Fort Sam Houston, Texas, na hutakiwa kupata cheti cha kitaifa cha huduma ya dharura ya ngazi ya msingi. Cheti hicho hutambuliwa uraiani, ila anayetaka kuwa paramediki kamili hulazimika kusoma zaidi. Nchini Uingereza jina la paramediki linalindwa na sheria, na tangu Septemba 2021 kiwango cha elimu cha kuingilia kazi hiyo ni shahada. Katika Afrika Mashariki, Rwanda ina huduma ya taifa ya magari ya wagonjwa iitwayo SAMU, inayopigiwa simu namba 912.

Tanzania

Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964, lina hospitali kuu na chuo cha tiba huko Lugalo, Dar es Salaam. Njia ya kawaida ya kuwa tabibu nchini ni stashahada ya utabibu ya miaka 3, chini ya usimamizi wa NACTVET. Mwombaji aliyemaliza kidato cha nne hutakiwa awe amefaulu Kemia, Biolojia na Fizikia. Askari mwenye stashahada ya chuo kinachotambuliwa huweza kusajiliwa na kutibu raia. Kozi fupi ya ndani ya kikosi haimpi haki hiyo, hata kama ana uzoefu wa miaka mingi.

Kwa upande wa madaktari, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) kilianza kufundisha ubingwa wa tiba ya dharura mwaka 2010.

Ukanda wa dhahabu

Haja ya wahudumu hao huonekana wazi katika mikoa ya Geita na Shinyanga. Kalangalala ni kata iliyoko mjini Geita, karibu na mgodi mkubwa ulioanza uzalishaji mwaka 2000, na wachimbaji wadogo ni wengi katika eneo lote. Mwaka 2015 wachimbaji 5 waliokolewa huko Nyangalata, Kahama, baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41. Januari 2017 watu 15 waliokwama mgodini mkoani Geita walitolewa wakiwa hai.

Aliyebanwa na kifusi kwa saa nyingi hahitaji kuvutwa tu. Misuli iliyobanwa hufa na kujaza potasiamu. Mzigo ukiondolewa ghafla, potasiamu hiyo huingia kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Kwa sababu hiyo mhudumu aliyefunzwa huanza kumwekea dripu kabla ya kumkwamua.

Hatua ya pili ni usafiri. Mfumo wa m-mama, unaopigiwa simu namba 115, ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kuanza kuenezwa nchini mwaka 2022. Huwasafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa kungoja kivuko kwa wagonjwa wanaopelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza. Ndani ya gari, hata hivyo, uhai wa mgonjwa hutegemea ujuzi wa anayekaa naye.