Viongozi Kwanza, Katoni za Vitabu Baadaye: Jinsi Tawi la Kujitolea Linavyochagua Maktaba ya Shule



Ofisi yetu ya miradi hupokea mara kwa mara maswali mawili kutoka kwa vikundi vya kujitolea vya mjini Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru. La kwanza: tuwachague vipi viongozi wa tawi letu? La pili: tumepata vitabu, je, tuvipeleke shule ipi? Wengi huyachukulia kuwa ni maswali mawili tofauti. Uzoefu wetu hapa Sekei umetufundisha kwamba ni swali moja. Tawi likikosea katika uchaguzi wa viongozi, litakosea pia katika uchaguzi wa shule, na atakayeumia ni mtoto ambaye hakuwepo kikaoni.

Tulikosea wapi

Nitaanza na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tawi ninalolilea hapa Sekei lilifanya uchaguzi wake wa kwanza kwa muda usiozidi dakika kumi na tano. Mzee mmoja anayeheshimika alipendekezwa kuwa mwenyekiti, watu wakapiga makofi, akapita bila kupingwa. Katibu alipatikana kwa sababu alikuwa na kompyuta. Mhazini alichaguliwa kwa sababu siku hiyo hakuwepo, hivyo hakuweza kukataa. Nami nilikuwepo, na nilipiga makofi pamoja na wenzangu.

Baadaye tukapokea katoni 22 za vitabu. Mwenyekiti akapendekeza vipelekwe katika shule aliyosoma yeye mwenyewe utotoni, huko juu mlimani. Hakuna aliyeona vyema kumpinga mzee. Tukakodi gari, tukapeleka, tukapiga picha na wanafunzi, tukanywa soda, tukarudi mjini tukiwa na furaha.

Baada ya mwaka mmoja na nusu nilirudi kufanya ufuatiliaji. Mwalimu mkuu aliyetupokea alikuwa amehamishwa, na ilichukua saa nzima kuupata ufunguo wa stoo. Mchwa walikuwa wamekula katoni za chini. Katoni za juu zilikuwa bado na utepe wake, hazijafunguliwa. Nilimwuliza mtoto mmoja wa darasa la tano kama amewahi kusoma kitabu chochote kati ya hivyo. Akanijibu kwa adabu, "Hapana, vile ni vya wageni."

Siilaumu shule. Hatukuwauliza walimu wanahitaji nini, wala nani atashika ufunguo, wala kama chumba kina rafu. Na hatukuuliza kwa sababu ndani ya tawi hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza.

Kuchagua viongozi: kazi kwanza, majina baadaye

Katika jamii zetu tumezoea kumpa mtu uongozi kama heshima. Hilo si baya kwa mgeni rasmi, lakini tawi la watu wa kujitolea linahitaji watendaji. Kabla ya kutaja jina lolote, andikeni ubaoni kazi za kila nafasi na muda unaohitajika.

Mwenyekiti huitisha na kuongoza vikao, na huhakikisha kila mmoja anasikika. Katibu huandika muhtasari, hutunza orodha ya wanachama na huwasiliana na shule na halmashauri. Mhazini hupokea fedha kwa stakabadhi na husoma hesabu mbele ya wanachama angalau kila miezi mitatu. Sisi tumeongeza nafasi ya nne, mratibu wa vitabu, ambaye huvihesabu vikiingia, vikitoka, na mwaka mmoja baada ya kutoka.

Kazi zikishafahamika, fuateni hatua hizi:

1. Teueni watu wawili au watatu wasiogombea wasimamie uchaguzi.
2. Hakikini akidi. Kama katiba ya tawi inataka nusu ya wanachama na hawajatimia, ahirisheni. Uchaguzi wa watu sita kwa niaba ya arobaini huzaa manung'uniko.
3. Kila anayependekezwa aulizwe waziwazi kama anakubali na kama ana muda. Asiyekuwepo asipendekezwe, isipokuwa amekubali kwa maandishi.
4. Pigeni kura ya siri, hata kama mgombea ni mmoja. Weka nafasi ya "ndiyo" na "hapana". Makofi huwalazimisha watu. Karatasi huwapa uhuru.
5. Hesabuni kura mbele ya wote. Mshindi apate zaidi ya nusu. Ikishindikana, wawili wa juu warudiwe.
6. Wekeni ukomo. Sisi tumechagua miaka miwili, na mtu asishike nafasi ile ile zaidi ya vipindi viwili.

Wapo watakaosema kwamba utaratibu huu ni wa kigeni na kwamba sisi tumezoea kuelewana. Wanaosema hivyo wakumbuke historia ya mlima huu. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngarenanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Wameru walijipanga, wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kule New York kueleza shauri lao. Watu waliompeleka hawakuwa matajiri. Walitoa mchango wao kwa mtu waliyeamini kwamba ataifanya kazi waliyomtuma na kurudi kuwaeleza. Kutuma mjumbe na kumdai taarifa si jambo geni katika nchi hii.

Wasomaji wetu wengi watakumbuka pia Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa kundi moja walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakusuluhisha kwa mahubiri pekee. Waliwaambia watu wachague saba wenye sifa zilizotajwa wazi, wasimamie kazi hiyo. Swali la mgawanyo wa haki lilijibiwa kwa uchaguzi wa viongozi.

Kuchagua shule: vigezo kwanza, jina la shule baadaye

Kanuni ni ile ile. Mkianza kwa kutaja shule, kila mtu atatetea alikosoma au anakosoma mwanawe. Anzeni kwa kukubaliana vigezo na kuviandika. Vyetu ni vitano, kila kimoja kina alama 10:

- Chumba. Je, kuna mahali pakavu, penye mwanga na mlango unaofungwa? Si lazima liwe jengo la maktaba. Kabati imara ndani ya darasa hutosha. Kumbukeni kwamba ada ilipofutwa katika shule za msingi wakati wa MMEM, ulioanza mwaka 2002, na tena elimu bila malipo ilipofikishwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, uandikishaji uliongezeka sana. Chumba mnachoahidiwa leo kinaweza kugeuzwa darasa Januari ijayo.
- Walimu. Nani atashika ufunguo? Sisi tunadai walimu wawili, kwa sababu mwalimu mmoja akihamishwa maktaba huhama naye.
- Ratiba. Je, kuna kipindi cha kusoma kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani? Maktaba isiyo na kipindi ni stoo.
- Wazazi. Je, kamati ya shule iko tayari kuchangia kitu, hata kama ni mbao za rafu au kazi ya fundi?
- Uhitaji. Ni vitabu vingapi vya kusoma ambavyo shule inavyo sasa, na maktaba nyingine iliyo karibu iko umbali gani?

Baada ya hapo chagueni shule tatu za kutembelea, na muende watu wawili wawili, kila mmoja na karatasi yake ya alama. Nendeni siku ya kawaida ya masomo, msiende siku ya sherehe. Ikiwezekana nendeni wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Bati linalovuja na njia isiyopitika havionekani mwezi wa Agosti.

Kuna kanuni moja ambayo tunaomba isipuuzwe: mwanachama mwenye ndugu, mtoto au historia katika shule inayojadiliwa ataje uhusiano huo mapema na asipige kura. Si kwamba hatumwamini. Tunamlinda yeye na tunailinda shule, ili isisemwe baadaye kwamba ilipendelewa.

Kwa shule za serikali, zungumzeni na mwalimu mkuu, halafu Afisa Elimu Kata, na ofisi ya elimu ya halmashauri husika. Sekei iko ndani ya Jiji la Arusha, lakini ukipanda mlimani unaweza kuingia Halmashauri ya Arusha au ya Meru. Barua ya shukrani huandikwa baadaye; barua ya makubaliano huandikwa kabla ya katoni kupakiwa.

Vitabu gani, na vingapi?

Shule za msingi za serikali kwa kawaida hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza. Katoni za msaada kutoka nje hujaa Kiingereza. Mtoto wa darasa la tatu hawezi kupenda kusoma kwa kitabu asichokielewa kinachosimulia theluji. Mtaala nao hubadilika: ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, hivyo kitabu cha kiada cha miaka ishirini iliyopita si zawadi, ni mzigo. Vichambueni vitabu kabla ya kusafirisha, na muwe na ujasiri wa kuviacha visivyofaa.

Hadithi za Kiswahili zipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianzishwa mwaka 1991 kwa sababu ya upungufu wa vitabu hivyo, na wachapishaji wetu wamechapa vingi. Mara nyingi fedha za kukodi gari kubwa zingenunua hadithi bora kutoka duka la vitabu. Kwa ushauri wa kupanga rafu na kuandika daftari la kuazima, waoneni wakutubi wa maktaba ya mkoa iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

Halafu pigeni hesabu. Vitabu 200 katika shule ya wanafunzi 1,000 ni kitabu kimoja kwa watoto watano, na kwa kweli hakuna atakayeona tofauti. Vitabu hivyo 200 vikitengwa kwa darasa la tatu na la nne, wenye jumla ya watoto 250, karibu kila mtoto anaweza kuazima kimoja kwa zamu. Ni afadhali madarasa mawili yasome kuliko shule nzima kuangalia.

Mara ya pili

Tulirudia uchaguzi wetu. Mzee wetu aliombwa kuwa mlezi, akakubali, na ndiye aliyependekeza kura ya siri. Mhazini sasa ni mama fundi cherehani ambaye kila robo mwaka husoma hesabu hadi shilingi ya mwisho, tukitaka tusitake. Tulitembelea shule tatu. Mwenyekiti mpya alitaja kwamba mpwa wake anafundisha katika mojawapo, akatoka nje wakati wa kura. Shule mbili zilizokosa ziliandikiwa barua zenye alama zao na sababu; moja ilitengeneza dirisha na mlango, ikaomba tena.

Shule iliyochaguliwa haikuwa yenye uhitaji mkubwa kuliko zote, na jambo hilo lilitusumbua. Ile yenye uhitaji mkubwa haikuwa na mlango wala mwalimu wa kushika ufunguo. Tuliamua kuanza nayo kwa seremala, bila vitabu, na tumewaeleza hivyo.

Mwalimu mmoja wa maktaba amekwisha kuhamishwa. Wa pili yupo, na ufunguo upo. Nilipofika mara ya mwisho, daftari la kuazima lilikuwa limejaa hadi jalada la nyuma, na majina ya mwisho yalikuwa yameandikwa pembeni kwa kukosa nafasi. Mratibu wetu wa vitabu ameandika katika taarifa yake ya robo hii kwamba shule inahitaji daftari jipya, lenye kurasa nyingi zaidi. Kikao kimeidhinisha manunuzi hayo bila kupingwa, kwa kura ya siri.