Wangapi Waingie Chumba cha Kuoshea Maiti?

Tulipoanzisha kikundi cha akina mama cha kuosha maiti mtaani petu, tulijivunia daftari lenye majina 17. Tuliona wingi ni kheri. Msiba wa kwanza ulipotokea wakaja 11, na wote wakaingia chumbani. Mmoja akaitisha maji, watatu wakatoka kuyaleta. Wawili wakagombea mkasi wa kukatia sanda. Waliobaki wakasimama ukutani wakitazama. Bintiye marehemu alikuwa mlangoni. Hakusema neno, ila tulimwona akijifunika uso kwa mtandio.

Msiba wa pili ulikuwa usiku. Safari hii hakufika hata mmoja wetu mpaka alfajiri, kila mtu akidhani mwenziwe amekwisha kwenda.

Kwa haya tulikwenda kwa mwalimu wetu wa fiqhi. Akatukumbusha kuwa katika madhehebu yetu ya Shafi, maiti huoshwa faragha, na haingii ila mwoshaji, anayemsaidia na walii wa maiti. Kisha akatusimulia yaliyopokewa katika Sira juu ya kuoshwa kwake Mtume (S.A.W.). Walioshika kazi walikuwa 6: Sayyidna Ali akiosha; Al-Abbas na wanawe wawili, Al-Fadhl na Qutham, wakisaidia kumgeuza; Usama na Shuqran wakimimina maji. Aus bin Khawli, katika Ansari, aliomba naye apate fungu. Akaruhusiwa kuingia, akaketi, wala hakuosha.

Tukaligawa daftari letu. Sasa tuna vikosi vitatu vya watu 5, kila kimoja na wiki yake ya zamu: mwoshaji, wawili wa kugeuza, mmoja wa maji na mmoja wa mlangoni. Tulipata kujaribu wanne, tukaona haifai, kwani wageuzaji wakishughulishwa na ndoo, mwili hukosa wa kuushika. Marehemu akiwa mzito huitwa wa sita kutoka kikosi kingine, na kazi yake hutajwa kabla hajavuka kizingiti. Wawili waliozidi katika hesabu, ambao ni wakubwa wetu kwa umri, hukata sanda na kuandaa kafuri na majani ya mkunazi. Wao hawana zamu, huitwa kila mara.

Mabadiliko haya hayakuwafurahisha wote. Dada mmoja alilalamika kwamba tunamnyima thawabu, na hatukuwa na jibu jema kuliko kisa cha Aus. Bado hajaridhika sana, lakini zamu yake huja.

Anayebeba mzigo mkubwa ni wa mlangoni. Yeye ndiye wa kumzuia shangazi wa marehemu aliyesafiri tangu Lamu, machozi yakimtiririka, na kumwambia kuwa ndani wametimia, asubiri ataitwa kuaga baada ya kukafiniwa. Kwa kazi hiyo tumewaweka walio wapole kuliko sote.