Kabla ya Kupiga Mbizi, Fikiria Njia ya Kurudi Silibwet

Je, unatoka Silibwet kwenda kulala chomboni siku kadhaa, ukipiga mbizi kwa mtungi wa hewa kandokando ya Pemba? Anza kwa daktari. Akupime masikio, mapafu na moyo, na akupe dawa ya kuzuia malaria inayomfaa mpiga mbizi. Mkazi wa nyanda za juu ana kinga ndogo.

Hatari nyingine huja wakati wa kurudi. Chini ya maji, naitrojeni huyeyuka mwilini. Ukipanda haraka hadi Silibwet, karibu mita 2,000 juu ya bahari, inaweza kufanya viputo vya kuumiza viungo, hata kupoozesha. Baada ya mbizi ya mwisho, pumzika pwani saa 24. Ukihisi ganzi, mwone daktari upesi, umweleze kuwa ulipiga mbizi.