Kufundisha Kitenzi 'Hurt'

Kitenzi cha Kiingereza 'hurt' huwatatiza wanafunzi wetu kwa sababu mbili.

Kwanza, maana yake ni pana. Sisi tuna 'uma', 'umia' na 'umiza'. Waingereza huzieleza zote kwa neno hilo moja. Mtoto wa Mwanga anayeumwa jino, akifasiri neno kwa neno, atasema jino linamng'ata. Tumfundishe kusema: 'My tooth hurts.' Mvuvi wa Kibirizi aliyejichoma kwa ndoana huelezwa hivi: 'He hurt his hand.' Hata maneno makali huumiza: 'Your words hurt me.'

Pili, umbo lake halibadiliki katika wakati uliopita. 'He hurts me' ni 'huniumiza'. 'He hurt me' ni 'aliniumiza'. Tofauti ni herufi moja tu. Mtoto akiisahau, msikilizaji atadhani mateso yamekwisha, kumbe yanaendelea. Tena watendaji wakiwa wengi, 'They hurt me', herufi hiyo haipo kabisa. Kwa hiyo tuwazoeze wanafunzi kutaja wakati: 'yesterday' kwa jana, 'every day' kwa kila siku.

Darasani yafaa tuanze kwa vitendo: mwalimu ashike goti au kichwa, wanafunzi waseme kinachouma. Kisha watunge sentensi zao wenyewe.

Lakini mtoto akitamka sentensi kama hiyo kwa dhati, tusikimbilie kusahihisha sarufi. Tumwite faraghani, tumsikilize kwa lugha aijuayo vyema.