Je, Wajua? Mwanafunzi msafiri angeweza kukamatwa kwa deni la mwenzake

Kijana aliyefunga safari kwenda Bologna, Italia, kusoma sheria katika karne ya 12 alikuwa hatarini kabla hata ya kufungua kitabu. Mtu wa kwao akikopa mjini humo kisha akatoroka, mwanafunzi huyo angeweza kukamatwa na kunyang'anywa mali ili alipe deni asilolijua. Ilikuwa dhuluma tupu. Mfalme Frederick Barbarossa wa Ujerumani, aliyetawala pia kaskazini mwa Italia, aliipiga marufuku miaka ya 1150, akawapa wanafunzi wasafiri haki ya kuhukumiwa na mwalimu wao au askofu.

Bologna bado ni mji wa wanafunzi. Hadi mnara wa Asinelli, wenye mita 97 na ngazi 498, ulipofungwa mwaka 2023, wengi wao hawakuupanda kabla ya kuhitimu: waliamini anayeupanda mapema hatamaliza masomo.

Kuzunguka miji ya kale ya Ulaya kama Bologna na marafiki kulirahisika mwaka 1972, ilipoanzishwa Interrail, tiketi moja ya treni iliyotumika wakati huo katika nchi 21. Tiketi hiyo ni ya wakazi wa Ulaya. Wewe unayeishi Afrika Mashariki, ulizia Eurail, tiketi kama hiyo kwa wasioishi Ulaya.