Je, Zamani Ilikuwa Bora? Tafakari juu ya Mjadala wa Mashabiki wa Blink-182



Tarehe 20 Oktoba 2023 bendi ya Kimarekani ya Blink-182 ilitoa albamu iitwayo One More Time..., nayo ikaingia moja kwa moja katika nafasi ya kwanza kwenye chati ya albamu za Marekani. Mashabiki wake waligawanyika, hasa kuhusu maneno ya nyimbo, kwa sababu nyingi zinatazama nyuma. Upo wimbo unaohusu ujana, upo unaohusu utoto, na wimbo wa kwanza unaendeleza nyimbo mbili za albamu za mwaka 1999 na 2001. Je, wanaume wenye umri wa karibu miaka 50 wakiimba hivyo wanasema kweli, au wanauza kumbukumbu?

Swali hili haliishii kwa wapenzi wa muziki wa panki. Sisi tunaosoma falsafa tunaona kwamba linamgusa kila Mkristo mwenye jambo la kukumbuka.

Yaliyoipata bendi

Panki ni muziki wa haraka na wa kelele uliopata nguvu New York na London katika miaka ya 1970, ukijulikana kwa kuwakejeli wakubwa. Blink-182 walianza mwaka 1992 huko Poway, karibu na San Diego, California. Wao waliongeza utani wa kivulana, mwingine mchafu, na hatuandiki hapa ili kuwafanya walimu wa maadili. Kinachotuhusu ni historia yao.

Mwaka 2005 bendi ilisambaratika. Septemba 2008 ndege iliyombeba mpiga ngoma wao, Travis Barker, ilipata ajali huko South Carolina. Watu 4 walifariki, naye akaungua vibaya. Mwaka uliofuata wakarudiana. Mwaka 2015 mpiga gitaa Tom DeLonge akaondoka tena. Mwaka 2021 mpiga besi Mark Hoppus alitangaza kwamba ana saratani. Alitibiwa akapona, na mwaka 2022 wote watatu wakawa pamoja tena. Wimbo uliobeba jina la albamu unauliza swali chungu: kwa nini walingoja ajali na ugonjwa ndipo wapatane?

Pande mbili

Mashabiki wa upande mmoja husema kwamba watu waliopita karibu na kifo wana haki ya kuimba juu ya miaka iliyopotea. Wa upande wa pili husema kwamba panki ilizaliwa kuwa sauti ya leo, na kwamba kurudia sauti na picha za zamani ni njia rahisi ya kumfurahisha msikilizaji aliyezeeka pamoja na bendi.

Kila upande una sehemu ya ukweli, na ili kuzipambanua tuanze na hamu yenyewe. Mwaka 1688 Johannes Hofer, aliyekuwa akisomea udaktari huko Basel, Uswisi, aliipa hamu hii jina kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurudi nyumbani na lingine la maumivu. Kwake ulikuwa ugonjwa wa watu walio mbali na kwao. Baadaye jina hilo likahamia kwenye hamu ya nyakati. Lakini aliye mbali na kijiji chake anaweza kupanda basi akarudi. Aliyeuacha ujana hana basi la kupanda.

Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 11 cha Maungamo, anafundisha kwamba yaliyopita hayapo tena. Yanakaa katika kumbukumbu, na kumbukumbu ni ya sasa. Basi anayekumbuka anafanya tendo la leo, na tendo la leo linaweza kupimwa. Tuulize: kumbukumbu hii inanifanya niwe mtu wa namna gani sasa?

Maandiko Matakatifu yanatupa kipimo. Katika Hesabu sura ya 11, Waisraeli jangwani wanakumbuka samaki, matango na vitunguu vya Misri, lakini hawataji utumwa. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 8 wanaagizwa kuikumbuka njia yote, pamoja na njaa yake, ili wamtii Mungu. Kumbukumbu ya kwanza inachagua matamu tu na kuzaa manung'uniko. Ya pili inashika yote na kuzaa utii.

Kwa kipimo hicho, wimbo ule wa upatanisho unasimama, maana unakumbuka pia utengano na kudai upendo usemwe sasa. Pale ambapo wimbo unausifu ujana tu kana kwamba haukuwa na machozi, wakosoaji wana haki.

Kwetu je?

Hata parokiani tunasikia kwamba kwaya ya zamani iliimba vizuri zaidi, au kwamba vijana wa zamani walikuwa na adabu. Huenda ni kweli kwa sehemu, lakini Mhubiri (7:10) anatuonya kwamba kuuliza hivyo hakutoki katika hekima. Zito zaidi ni lile swali la Blink-182. Mara ngapi ndugu wasiosemezana hukutana wodini, au msibani, mmoja akiwa tayari ndani ya jeneza? Wahenga walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo.

Misa Takatifu ni ukumbusho, lakini si wa kutamani kurudi nyuma. Kristo aliyeteswa na kufufuka yupo nasi altareni, nasi tunamngoja aje. Naye katika Mathayo 5 anatuagiza tupatane na ndugu kwanza, ndipo tutoe sadaka. Basi kama kuna rafiki tunayemkumbuka kwa mema ya zamani na hatusemi naye, tumtafute kabla ya Jumapili.